Kishikwambi Kipya na Bei Yake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila anayetaka kununua kishikwambi huja na maswali haya haya, awe mzazi wa mwanafunzi, mwalimu, mwenye duka anayeweka hesabu zake kwenye Excel au kijana anayechora. Tumeyapanga tukianzia na ya msingi, halafu yale yanayomkuta mmojammoja. Bei za dola ni zile zilizotangazwa Marekani bidhaa ilipozinduliwa, kabla ya kodi. Za shilingi ni mifano ya hesabu tu, maana bei ya Kariakoo ya Jumatatu si ya Ijumaa.

## Kabla hujatoa pesa

Nitajuaje kama kishikwambi kinastahili bei yake?

Taja kazi moja utakayoifanya kila wiki. Siyo "matumizi ya kawaida", maana hayo simu yako inayaweza. Kazi yenye jina: kusoma vitabu vya PDF, kuchora, kufundisha kwa Zoom, kujaza fomu za utafiti shambani. Kisha jiulize kifaa hicho kitaifanya kazi hiyo miaka mingapi kabla hakijakuchosha, na ugawe bei kwa miaka hiyo.

Chukua mfano. Kishikwambi cha TSh 250,000 kinachoanza kuganda kabla ya mwaka kuisha kimekula 250,000 kwa mwaka. Cha TSh 900,000 kitakachodumu miaka 5 kitakula 180,000 kwa mwaka. Hesabu hii inamuumiza asiyekuwa na 900,000 mkononi leo, hilo linajulikana, lakini hata kwake ina faida: inamwonyesha kwamba mara nyingi ni heri asubiri miezi mitatu kuliko kununua cha bei ya kutupa. Karibu majibu yote yanayofuata yanajaribu kukisia idadi hiyo ya miaka.

Nina simu nzuri. Kishikwambi kitaniongezea nini hasa?

Upana wa kioo. Mengine yote simu inayo, tena kamera ya simu ya bei hiyohiyo kwa kawaida ni bora. Kwa hiyo swali la thamani linaanzia kwenye sentimita.

Vitabu vingi vya shule na ripoti za ofisi hupangwa kwa karatasi ya A4, yenye upana wa sentimita 21. Kioo cha inchi 8.7, kama cha Samsung Galaxy Tab A9, kikisimamishwa wima kina upana wa sentimita 11 na kidogo. Ukurasa unabanwa hadi karibu nusu ya ukubwa wake, na herufi za saizi 12 zinasomeka kama za 6.5. Utakuwa unavuta ukurasa kwa vidole kila aya. Kioo cha inchi 11 cha Tab A9+ kina upana wa karibu sentimita 15, yaani ukurasa unabaki asilimia 70 na herufi zinakuwa kama za 8.5. iPad ya kawaida ni fupi kidogo kwa urefu lakini pana zaidi, kwa hiyo A4 inaikalia vizuri kuliko zote tatu.

Kwa hiyo anayenunua kwa ajili ya vitabu, kama vile vya Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, asishuke chini ya inchi 10 hata kama kile kidogo ni nafuu. Kile kidogo kinamfaa anayesoma riwaya, anayetazama video kitandani au anayekibeba kwenye mkoba siku nzima.

Kinaweza kuchukua nafasi ya laptop?

Kwa kuandika barua, kuhudhuria vikao na kusoma, ndiyo. Kwa hesabu ndefu za Excel, tasnifu yenye rejea mia au programu za kihasibu za Windows, hapana.

Tatizo kubwa zaidi ni bei. iPad yenye chipu ya A16, iliyotoka Machi 2025, ilianzia dola 349. Kalamu yake ya USB-C ni dola 79, na kibodi yake ya Apple, Magic Keyboard Folio, dola 249. Jumla dola 677, karibu mara mbili ya bei uliyoiona kwenye tangazo, na bado huna Windows. Ukijikuta unahesabu kibodi, kipanya na stendi, ujue unachotafuta ni laptop. Nunua laptop.

## Yaliyoandikwa kwenye boksi

RAM kiasi gani inatosha?

RAM ni kumbukumbu ya muda ambayo programu zilizofunguliwa hukaa. Kwa Android, 4GB ndiyo chini kabisa, na hapo utakuwa mvumilivu: ukitoka kwenye kitabu kwenda WhatsApp na kurudi, kitabu kitaanza kujifungua upya. 6GB au 8GB ndiyo inayokufikisha mwaka wa nne bila ugomvi. iPad hutumia RAM kwa utaratibu wake, usilinganishe namba zake na za Android moja kwa moja.

Jihadhari na maandishi kama "12GB (4+8)". RAM ya kweli hapo ni 4. Ile 8 ni kipande cha storeji kinachoazimwa ili kuigiza RAM, na storeji ni ya polepole mno ukiilinganisha na RAM. Bei ya kifaa hicho ilinganishe na vya 4GB.

Storeji ya 64GB haitoshi?

Mfumo wenyewe na programu zinazokuja nazo hula sehemu nzuri ya hizo 64 kabla hujaweka chochote. Kwa mtu mmoja anayesoma PDF inatosha. Kwa familia inayopakua katuni za watoto wakati wa Wi-Fi ya bure, itajaa.

Hapa ndipo tundu la memori kadi lina thamani ya pesa. Galaxy Tab A9 na A9+ zinalo, iPad haina wala haijawahi kuwa nalo. Filamu na picha zitakaa kwenye kadi bila shida, ila programu nyingi hubaki kwenye storeji ya ndani, kwa hiyo kadi haikuondolei kabisa haja ya storeji kubwa.

Masasisho ya mfumo yana uhusiano gani na bei?

Ndiyo miaka yenyewe unayonunua. Kifaa kisichopata masasisho hakifi siku hiyo. Kwanza hukosa ulinzi, kisha programu moja moja huanza kukuambia kifaa chako ni cha zamani, na ya benki huwa miongoni mwa za mwanzo kugoma.

Angalia historia ya mtengenezaji, usisikilize ahadi ya muuzaji. iPad ya kizazi cha 5 ilitoka 2017 na ikaachwa mfumo wa 2023 ulipokuja. Ya kizazi cha 7 ilitoka 2019 na ikaachwa mwaka 2025. Zote mbili, miaka 6. Kwa upande wa Samsung, Galaxy Tab S9 ya 2023 iliahidiwa matoleo manne ya Android na miaka mitano ya masasisho ya usalama, lakini Tab A9, ya bei nafuu, haikupewa muda huo wote. Na vile vyenye majina yasiyojulikana mara nyingi hutoka kiwandani na mfumo ambao ndio utakaozikwa nao.

Dukani fungua mipangilio, tafuta tarehe ya sasisho la mwisho la usalama. Kifaa "kipya" chenye tarehe ya miaka miwili nyuma kimeshakujibu.

Muuzaji anasema betri ni 10,000 mAh. Ni kweli?

Inua kifaa. Betri ya ukubwa huo ina uzito, na kishikwambi chepesi kama daftari hakiwezi kuwa nayo. Tab A9+ ya inchi 11 ina 7,040 mAh, na inatosha siku ya kazi ya kawaida.

Kinachosahaulika ni chaja. Boksi nyingi siku hizi zina waya peke yake bila kichwa, na ukitumia kichwa cha simu ya zamani utachaji usiku kucha. Uliza kabla ya kulipa, kisha ongeza bei ya kichwa kwenye hesabu.

Kwa nini Netflix inaonekana na ukungu ingawa kioo ni "Full HD"?

Kampuni za filamu huangalia cheti cha usalama kilichomo ndani ya kifaa, kiitwacho Widevine. Kikiwa na kiwango cha L1, picha inakuja kamili. Kikiwa na L3, Netflix inashusha picha hadi ubora wa chini, hata kioo kiwe kizuri namna gani. Vishikwambi vingi vya bei ya chini vina L3 na boksi haitakwambia. Programu ya bure iitwayo DRM Info inaonyesha mara moja. YouTube ya kawaida haiathiriki, kwa hiyo kama hulipii filamu, usijali.

## Laini, WhatsApp na pesa za simu

Ninunue cha laini au cha Wi-Fi tu?

Kwa iPad ya A16 tofauti ni dola 150. Fedha hiyo ni bando la miezi mingi, na simu yako inaweza kurusha hotspoti bure. Kwa mtu anayekaa nyumbani, ofisini au chuoni, cha Wi-Fi kinatosha.

Kuna jambo moja linalobadilisha hesabu: iPad ya Wi-Fi haina GPS. Kwa mtafiti wa shambani au dereva anayetegemea ramani, hapo cha laini kinajilipa. Tena iPad za aina hiyo zilizotoka tangu Mei 2024 hazina tundu la laini kabisa, ni eSIM tu (laini ya kidijitali isiyochomekwa), kwa hiyo thibitisha kwanza kwamba kampuni yako ya simu itakuwekea eSIM kwenye kishikwambi.

WhatsApp inafanya kazi?

Ndiyo. Unakiunganisha na simu yako kama kifaa cha ziada, na namba inabaki ile ile. WhatsApp inaruhusu hadi vifaa vinne vya namna hiyo. Programu rasmi ya iPad ilikuja Mei 2025, kwa hiyo wale wanaokwambia iPad haina WhatsApp wanasema la zamani.

M-Pesa je?

Usitegemee. iPad haipigi simu za kawaida wala haifungui menyu kama *150*00#, hata iwe na mtandao. Baadhi ya vishikwambi vya Android vyenye laini hupiga simu na kufungua menyu hizo, vingine vinatumia laini kwa intaneti pekee. Ukitaka hilo, weka laini yako dukani ujaribu palepale kabla ya kulipa.

## Bei yenyewe

Kwa nini bei ya hapa inazidi niliyoiona mtandaoni?

Bei ya Marekani hutajwa bila kodi. Kiwango cha kawaida cha VAT ni asilimia 18 Tanzania Bara na 16 Kenya, ilhali Dubai, mizigo mingi inakopitia, ni 5. Juu yake kuna usafiri, thamani ya shilingi siku mzigo uliponunuliwa, na faida ya kila mkono ulioupokea. Kariakoo, ukiingia dukani umeongozana na winga (dalali anayeleta wateja), sehemu yake imo katika bei unayotajiwa. Ingia mwenyewe, uliza maduka matatu, ndipo urudi.

Bei ya chini sana isiyo na risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) nayo ni gharama. Kifaa kikigoma wiki ya pili, huna karatasi ya kumwonyesha mtu.

Ningoje toleo jipya?

Ngoja kama tetesi ni za wiki, si za mwaka. Mfano mzuri ni iPad ya kizazi cha 10: ilitoka Oktoba 2022 kwa dola 449 na storeji ya 64GB. Mei 2024 ikashushwa hadi 349. Machi 2025 mrithi wake akaja kwa 349 ileile, akiwa na storeji mara mbili. Aliyenunua ya kwanza siku ya uzinduzi alilipa zaidi ili atumie mapema, na kama alikuwa na kazi nayo hakupoteza. Aliyenunua wiki moja kabla mrithi hajatoka ndiye aliyeumia.

Kuna mpango wa kulipa kidogo kidogo kila siku. Ni nafuu?

Zidisha kabla hujasaini. Tuseme kianzio ni TSh 150,000 na kila siku TSh 2,500 kwa siku 365. Malipo ya kila siku yanafika 912,500, na ukijumlisha kianzio ni 1,062,500. Kama kifaa hichohicho kwa taslimu ni 700,000, umelipia mkopo zaidi ya 360,000. Huenda ikakufaa ikiwa kifaa kinakuingizia pesa kila siku. Kwa kutazamia tamthilia, ni ghali mno. Kumbuka pia kwamba vifaa vya mpango huu hujifunga ukichelewa kulipa, hata kama ni asubuhi ya mtihani wa mtoto.

## Bandia, mtumba na mambo ya pembeni

Nimeona kishikwambi cha 12GB, 512GB, 5G kwa TSh 180,000. Kuna ujanja gani?

Namba za uongo zilizopachikwa kwenye mfumo. Ukurasa wa "Kuhusu kifaa" unaweza kuandikwa chochote na aliyekitengeneza, kwa hiyo usiuamini. Programu kama CPU-Z huonyesha chipu halisi, na mara nyingi utakuta ya zamani mno yenye viini vinne. Kwa storeji, dawa ni kunakili faili kubwa: chukua filamu kadhaa zenye jumla ya GB 40 kutoka kwenye flashi, kisha zifungue zote. Storeji bandia hupokea kila kitu kwa adabu, halafu faili za mwisho hazifunguki.

Tab A9+ yenye 4GB na 64GB iliuzwa Marekani karibu dola 220. Ukiishika namba hiyo kichwani, hutababaishwa na mwenye 512GB kwa theluthi ya bei.

Nikague nini dukani?

Washa, fungua ukurasa mweupe, utafute madoa na vivuli pembeni mwa kioo. Shika alama ya programu na uiburuze taratibu kioo kizima; ikiachia njiani, tachi ina tatizo mahali hapo. Piga picha, rekodi sauti, chomeka chaja uone kama inapokea ukiutikisa waya kidogo. Angalia tarehe ya usalama kama ilivyoelezwa kwenye swali la masasisho.

Chenye laini, pata IMEI (namba ya utambulisho wa kifaa) kwa *#06# au kwenye mipangilio, kisha Tanzania itume kwenda 15090 uone kama jina linalorudi ni la kifaa ulichoshika. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilizima simu bandia Juni 2016, na utaratibu huo wa kuhakiki ulibaki. Cha Wi-Fi tu hakina IMEI, hivyo kwa iPad tumia namba ya utambulisho ya kiwandani (Serial Number) kwenye ukurasa wa Apple wa kuangalia waranti.

iPad ya mtumba au Android mpya kwa bei ileile?

Kwa kusoma na kuchora, mtumba wa iPad wenye umri wa miaka minne mara nyingi unaishinda Android mpya ya bei ya chini. iPad ya kizazi cha 9, ya 2021, bado ilikuwamo kwenye orodha ya zinazopokea mfumo wa 2025. Lakini gawa bei kwa miaka iliyobaki, siyo yote sita, na kumbuka hiyo bado inachajiwa kwa tundu la zamani la Lightning.

Kwenye mipangilio soma herufi ya kwanza ya namba ya modeli. M ni iliyouzwa mpya, F ni iliyokarabatiwa na kuuzwa tena, N ni iliyotolewa kubadilishia mbovu. Ukiambiwa "mpya full boksi" na herufi ni F, shusha bei au ondoka.

Kinawaka vizuri ila kimeandikwa jina la shule ya Marekani. Nichukue?

Acha. Kiko chini ya usimamizi wa taasisi hiyo, na kila ukikifuta kinarudi kwenye akaunti yao. Fundi anaweza kukionyesha kinafanya kazi leo, kisha kikasasishwa kikajifunga. Ni vivyo hivyo kwa iPad inayodai akaunti ya mwenyewe wa kwanza.

Mtu ananiuzia kishikwambi cha sensa. Ni halali?

Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Agosti 2022 Tanzania viligawiwa walimu kwa ajili ya kazi. Havikutolewa viuzwe. Bei iwe ndogo namna gani, umenunua mali ya umma.

Kioo kikipasuka, gharama ikoje?

Kuna vioo vya namna mbili. Katika iPad ya kawaida, kioo cha juu chenye tachi kimetengana na LCD (sehemu inayoonyesha picha), kwa hiyo fundi anaweza kubadili kioo peke yake. Katika iPad Air na Pro vimegandishwa pamoja, na ufa mdogo unamaanisha kununua kitu kizima. Kwa Android yenye jina geni, swali ni kama kioo chake kinapatikana kabisa. Muulize fundi kabla ya kununua, siyo baada. Akisema "hicho lazima kiagizwe", jua kwamba siku kitakapodondoka ndiyo siku yake ya mwisho. Kava yenye pembe nene iingize kwenye bei tangu siku ya kwanza.

Mtoto ana miaka minne. Nimnunulie cha aina gani?

Hapa peke yake cha bei nafuu kinaweza kuwa na mantiki, kwa sababu kitaishia sakafuni. Ila hata hicho kiwe na Google Play halisi, maana udhibiti wa wazazi wa Google hautegemewi bila hiyo Play. Vishikwambi vya Fire vya Amazon havina Play vinapotoka kwenye boksi, na maduka ya programu yanayowekwa na wauzaji wa mtaani huja na mengine usiyoyajua.

Muuzaji hataki nifungue boksi kabla ya kulipa.

Muombe akufungulie yeye, mbele yako, baada ya kukubaliana kwa maandishi kwamba kikiwa na kasoro utabadilishiwa palepale. Akikataa na hilo, duka la jirani lina kifaa hichohicho.